Kopo la Wagonjwa

Nianze na kopo, maana bila kopo hilo hamtamwelewa wifi yangu Kisa, na mimi sipendi kusimulia mambo ya watu nusunusu.

Ni kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, limepauka hadi picha ya mtoto haionekani tena. Linaning'inia kwa waya juu ya mlango wa jiko lake pale Ikolo. Kila akipima mchele wa kupika, kabla haujaingia kwenye sufuria, Kisa huchota konzi moja na kuutia humo. Wakiwa watu wanane wa kula, konzi moja. Akiwa peke yake na mchele wa kubabaisha, konzi moja vilevile. Likijaa, Jumatano analibeba hadi kwa mgonjwa yeyote aliyemsikia wiki hiyo. Anafika, anapika mwenyewe, anaosha vyombo, anaomba kwa maneno machache, anaondoka. Hata yule mganga wa bondeni, ambaye miaka yote alikuwa akilisema vibaya kanisa letu, alipovunjika mkono alipelekewa.

Kina mama wote tulifundishwa jambo hilo na mama mchungaji. Mimi niliacha baada ya wiki mbili. Wengine walijitahidi, wakafika miezi. Kisa anaingia mwaka wa kumi na moja, na hajawahi kusimama kanisani kulitangaza. Nilikuwa namtania: "Wifi, Mungu ana mashamba yake. Huo mchele utie chumvi, ule." Anacheka, pengo lake la mbele linaonekana, anasema, "Ukishaingia humo si wangu tena, wifi. Ni wa wagonjwa."

"Hata njaa ikikubana?"

"Njaa si ugonjwa."

Basi. Ukibishana na Kisa unachoka wewe, yeye anaendelea kuchambua mchele wake.

Mimi ndiye Jeni, dada wa mume wake. Niliolewa Katumba Songwe, nauza mchele sokoni Kyela mjini, na pale sokoni mdomo wangu unajulikana kuliko mchele wangu. Mume wa Kisa ni mdogo wangu Hezroni. Baba yetu ni mzee Asegelile, tata kama tunavyomwita baba kwa Kinyakyusa, mzee wa kanisa wa miaka thelathini, mtu wa kusimama wima hata akiwa na homa.

Sasa kwetu Unyakyusani mke hamsogelei baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hapiti njia aliyosimama yeye. Akimwona kwa mbali anakata kichakani. Siku hizi familia nyingi za kanisa zimeilegeza mila hiyo, utakuta mkwe na mzee wanaangalia mpira pamoja. Kwetu hapana. Marehemu mama aliishika, tata aliishika, na mimi niliishika kuliko wote wawili. Kisa ameishi kwenye ua ule miaka kumi na minne bila kumwona tata usoni. Akitoka na ndoo anakohoa kwanza, tata anageuka ukutani. Chakula kinapelekwa na mtoto. Kanisani tata anakaa mbele, Kisa nyuma kabisa, kwa hiyo alichokijua cha mkwewe ni kisogo na kola ya koti.

Na kama mtu akisema mila hiyo ni ya kizamani, mimi nilikuwa namjibu papo hapo. Kule Katumba Songwe nilimkwepa mkwe wangu, mzee Anyelwisye, miaka tisa. Siku moja nilijitupa kifudifudi kwenye mpunga na nyanya zangu zote kwa sababu alitokea ghafla na baiskeli. Mpaka siku yake ya mwisho nilimheshimu. Siku hiyo alikuwa peke yake ndani, mimi natoka mtoni na ndoo kichwani, nikamsikia anaomba maji. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Nikatua ndoo nyuma ya ukuta, nikakimbia kumwita shemeji yangu shambani. Tuliporudi mzee alikuwa ameshanyamaza. Msibani watu walinisifu: mwanamke ana adabu huyu. Nami nikasifika, nikaivaa sifa hiyo kama gauni la Krismasi, na sikutaka mtu aiguse.

Hayo yawekeni pembeni, nitayarudia.

Mwezi wa kwanza mwaka ule tata alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na ulimi ukawa mzito, neno moja linamtoa jasho. Mwanzoni Hezroni alimwogesha na kumlisha. Mwezi wa tatu Hezroni akapanda mchikichi kuangua chikichi, utelezi wa mvua, akaanguka na kuvunjika paja. Akapelekwa Mbeya, akalazwa na mguu umefungwa mawe ya kuuvuta. Watoto wao wawili wako shule ya bweni Tukuyu. Kwa hiyo nikafunga kibanda changu sokoni, nikahamia Ikolo kumuuguza baba yangu.

Kisa alikuwa anapika, anafua mashuka, anachota maji, na vyote ananipitishia dirishani huku ameinamisha kichwa. Mimi ndani namgeuza tata peke yangu. Mwili wa mtu mzima, jamani, si mchezo. Akapata kidonda nyongani. Nilikiona, nikasema kitapona.

Mwezi wa nne mto Songwe ukaanza vitimbi vyake. Ijumaa mume wangu akapiga simu: maji yameingia kwenye mpunga, njoo tuokoe kinachookoleka. Nikasema nakwenda siku mbili tu. Nikampanga jirani yetu Aliko, mwanamume mwenye mikono ya nguvu, aje asubuhi na jioni kumlisha tata na kumgeuza. Kisa alinisindikiza hadi barabarani.

"Wifi," akasema, "na Aliko asipoweza kuja?"

"Atakuja."

"Asipoweza?"

Nikasimama. Nikamtazama kwa jicho lile ambalo wanunuzi wangu wanalijua. "Kisa, usiingie chumbani kwa tata. Umenisikia? Usithubutu. Akifa afe na heshima yake."

Hayo maneno niliyasema mimi, kwa kinywa changu hiki. Akanipa tu mfuko wa ndizi za njiani.

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilinyesha kama imelipwa. Nyie mnaokaa milimani hamjui maji ya Kyela. Hayaji kwa kishindo, yanajaa tu taratibu, unaamka unakuta kandambili zinaelea. Songwe ulifurika kwetu, mito mingine ikafurika upande wa Ikolo, barabara ikakatika sehemu mbili. Simu ya Kisa nilipiga mpaka kidole kikauma. Haipatikani. Jumapili haipatikani, Jumatatu haipatikani. Nikafikiri, Aliko yupo. Jumatatu jioni nikasikia kwamba watu wa upande ule wote wamehamia shule ya msingi, kwenye mwinuko. Aliko naye yuko shule na watoto wake na mbuzi wake, na simlaumu, maji yalimfika kiunoni.

Basi nikajua. Tata yuko peke yake, au Kisa yuko naye. Nawaambieni ukweli mbele za Mungu, sikujua ni lipi kati ya hayo mawili lililoniuma zaidi.

Nilifika Jumatano saa nne asubuhi, siku ya tano. Bodaboda mpaka mjini, kutoka hapo miguu, suruali ya mume wangu nimeikunja magotini, na mwisho nikapata mtumbwi wa mzee Ezekiel, ambaye ni mzee wa kanisa letu na alikuwa akivusha watu tangu Jumapili.

Sikumsalimu hata. "Baba yangu?"

"Ugonile kwanza, mwanangu," akasema, maana yeye hata gharika ije lazima usalimiane. Halafu akaongeza, "Yu hai."

Nikakaa chini ndani ya mtumbwi. "Nani yuko naye?"

Akapiga kafi mara mbili tatu. "Kisa. Jumapili nilikwenda kumchukua. Mtumbwi huu hauwezi kubeba mtu wa kulala, na mkondo pale mbele ungetupindua, nikamwambia panda wewe, mzee tutamwombea. Akakataa. Aliniomba kibiriti tu, chake kilikuwa kimelowa."

"Ameingia chumbani kwake?"

"Mimi sikuingia, mwanangu. Nilikuwa na watoto wanane wa kuvusha."

Kama ningekuwa na akili timamu, pale ndipo ningesema asante Mungu. Mimi nilipandisha hasira. Hasira hasara, lakini wakati huo ni tamu. Nilikuwa nachambua maneno ya kumwambia, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua fimbo. Miaka kumi na minne ya heshima ameimwaga kwa siku tano! Na watu watasema nini? Na kama yeye ameweza kuingia kwa mkwe wake na mbingu hazijaanguka, mimi je, niliyesimama nyuma ya ukuta? Hilo la mwisho lilikuja lenyewe, nikalifukuza.

Uani maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Jiko la Kisa lilikuwa limejaa matope, na mlangoni pale waya ulikuwa unaning'inia mtupu. Chumba cha tata kina sakafu iliyoinuliwa, alijenga mwenyewe kwa kuijua Kyela, kwa hiyo kilikuwa kikavu. Nikasikia sauti ya Kisa ndani, anaimba wimbo wa kanisa taratibu. Na sauti nyingine, ngo, ngo, ya bati. Nikasukuma mlango.

Kisa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, na macho yake ameyafunga kwa kitenge.

Kitenge kile cha kijani cha umoja wa wanawake wa kanisa letu, amekikunja mara nne, amekizungusha usoni na kukikaza kisogoni kwa mafundo mawili. Mkono wa kushoto ameuweka chini ya kidevu cha tata, juu ya kitambaa, ili ajue mdomo uko wapi. Mkono wa kulia una kijiko cha uji wa mchele, unatafuta njia hewani. Na tata, mkono wake mzima, ule wa kushoto, umeshika kijiko kingine, anagonga kikombe cha bati pale kwenye ukingo wa kitanda: ngo. Kisa akauleta uji kwa kuifuata sauti. Tata akameza. Sakafuni jiko la mkaa, pembeni yake kopo, na mguu mmoja wa kiti cha Hezroni umeshachomwa nusu kwa kukosa mkaa. Mikono ya Kisa ilikuwa na malengelenge, kwa sababu alikuwa anapika na kuchemsha maji bila kuona.

Siku tano. Alimwogesha hivyo, alimgeuza hivyo, alimfuta hivyo. Hakumtazama hata mara moja.

Ungetarajia nipige magoti, sivyo? Nilipiga kelele. "Kisa! Toka humo!"

Alishtuka, uji kidogo ukamwagika. Hakufungua kitenge. Aliinuka hivyo hivyo, akachukua sufuria tupu, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akajigonga bega kwenye fremu, akatoka. Bakuli la uji alikuwa amelisukuma mahali ambapo mkono wangu ungelifikia.

Nikamfunua tata. Alikuwa msafi. Amepakwa mafuta, kucha zimekatwa, shuka limenyooshwa, na kile kidonda cha nyongani, nilichosema kitapona na mimi nikakiacha, kilikuwa kimesafishwa na kupakwa asali, kimeanza kuziba. Nilikitazama kidonda kile muda mrefu. Kinamama mnaouguza mnajua nilichokiona pale.

Lakini bado nilikuwa na kiburi, nacho hakitoki kwa siku moja. Nikaketi, nikachukua bakuli. "Haya tata, nimerudi. Kula."

Akafunga mdomo.

Nikambembeleza. Nikamtania kama nilivyozoea, nikamwambia uji wa mchele wa Kyela unakataliwa na nani duniani. Akakaza midomo na kugeuza uso. Akagonga kikombe: ngo, ngo, ngo. Nikampa maji, hataki. Nikamwekea chombo cha haja, hataki. Nikamgeuza upande, akaanza kugonga kwa nguvu zaidi, na jicho lake moja likaanza kutoa machozi. Mtu wa miaka themanini na tatu, mwembamba kama alivyokuwa, akikataa chakula siku mbili ndiyo basi tena. Daktari alikuwa ameshaniambia hivyo waziwazi: huyu mzee anaishi kwa vijiko.

Nilijaribu mpaka uji ukapoa na kuganda. Hofu ikanishika, hofu hasa. Nikafikiri, ameamua kufa. Nimemvunjia kitu, na ameamua kufa mbele yangu.

Nikatoka. Kisa alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi juu ya kinu alichokilaza, kitenge kiko shingoni. Alikuwa ametia maji kidogo kwenye ile sufuria ya uji, anaizungushazungusha, kisha akainua akanywa yale maji meupe. Aliponiona akaiweka chini haraka.

"Hataki kula," nikasema. "Umempa nini siku zote hizi?"

"Mchele wa kwenye kopo, wifi. Magunia yote yamelowa, yameshaanza kuota. Kopo peke yake ndilo lilikuwa juu."

"Ulikuwa unamlishaje?"

"Anagonga, nami nampelekea. Jana alisumbua, anagonga ovyo, anafunga mdomo. Nikamwomba sana, nikamwambia, tata, nisije nikaulizwa na wifi. Ndipo akala."

Akasema neno hilo, nisije nikaulizwa na wifi, bila kunishutumu. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Kwetu mdogo ndiye anayemchuchumalia mkubwa. Mimi nimemzidi Kisa miaka kumi na miwili, na siku zote yeye ndiye aliyeshuka chini kunisalimu. Siku ile nilichuchumaa mimi, kwenye matope, nikamwambia, "Wifi, njoo. Ni wewe anayekuita."

"Ulisema nisithubutu."

"Najua nilichosema."

Alinitazama kidogo, halafu akafungua kitenge shingoni, akakikunja mara nne, akajifunga macho. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumwingiza ndani. Mkono ulikuwa mwepesi mno, mifupa mitupu, na hata hapo sikuelewa, mimi mwenye kujifanya mjuzi wa kila kitu.

Akapiga magoti mahali pake. Tata akaacha kugonga. Akaweka kijiko chini, akanyanyua ule mkono wake mmoja, polepole, akashika kitenge kwenye paji la uso la Kisa, akakivuta chini.

Katika nyumba yetu, mila ile ikifungwa, mwenye kuifungua ni mzee mwenyewe peke yake. Si mume, si mchungaji, si mimi. Na tata hakuwahi kumfungulia mtu.

Kitenge kikaanguka mabegani, na Kisa, jamani, alikuwa amefumba macho. Ameyafumba kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka.

"Kisa," tata akasema. Hajawahi kulitamka jina lile. Ulimi ulikuwa unaburuta, mate yanamtoka, lakini lilikuwa jina. "Fungua."

Akafungua macho. Wakatazamana. Miaka kumi na minne ua mmoja, na ndio wanaonana. Nilidhani tata atambariki, au atamwambia ndaga, asante, kama anavyostahili mtu aliyekuokoa.

Tata akasema, "Hujala."

Kisa akainamisha uso.

"Siku tano," tata akasema, na kila neno lilikuwa kama anavuta mtumbwi nchi kavu. "Nimeona."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kisa ndiye aliyefungwa macho. Tata hakuwa amefungwa. Chumba kilekile, jiko lilelile, tata amelala pale anaona kila kitu: mwanamke anapima mchele kwa vidole, anapika, anamimina uji wote kwenye bakuli lake mzee, anakung'uta sufuria, kisha anatia maji na kunywa hayo ya kusuuzia. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Alikuwa akigonga kumwambia ale yeye, na Kisa aliyefungwa macho akadhani anataka kijiko kingine. Alipofunga mdomo, Kisa akamsihi mpaka akakubali. Alingoja mtu mwenye macho aingie. Nikaingia mimi, mwenye macho mawili wazi, nikamfukuza Kisa, kisha nikabaki kuuliza mzee anataka maji au anataka haja.

"Kwa nini hukula, wifi?" nikamuuliza. "Mchele ulikuwepo."

Akajibu kwa aibu, kama mtoto aliyekamatwa. "Ule ni wa wagonjwa. Mimi nilikuwa na njaa tu."

Njaa si ugonjwa. Nikalichungulia kopo. Chini kulikuwa kumebaki mchele wa kufunika sakafu ya kopo, konzi mbili labda.

Nikaupika wote. Sikuuliza mtu. Nikauweka kwenye bakuli moja, kijiko kimoja, kwa sababu kile kingine tata alikuwa amekishika tena kwa kugongea na hakukubali kukiachia. Nikajaza kijiko cha kwanza, nikakipeleka kwa Kisa. Akakaza midomo, akatikisa kichwa.

"Kisa binti wa watu," nikamwambia, "fungua huo mdomo, la sivyo nitaufungua mimi."

Tata akagonga kikombe: ngo.

Akafungua. Alipomeza machozi yakamtoka, akasema "ndaga" kwa sauti ndogo, nami sikujua anamwambia nani kati yetu watatu, mimi, tata au Mwenyezi Mungu. Kijiko cha pili nikampelekea tata, akakipokea bila ubishi wowote. Cha tatu Kisa. Nikichelewa upande mmoja, mzee anagonga.

Nami nalia, nalisha huku nalia, kamasi zinanitoka, wala sikuona haya. Nilikuwa namlilia mzee Anyelwisye wa Katumba Songwe. Alikuwa ameomba maji, na ndoo yangu ilikuwa imejaa pomoni, hatua nne kutoka mlangoni. Watu walisema ni adabu, nami nikakubali, nikasema sikuwa na la kufanya, ningefanyaje mimi, mila ni mila.

Ndoo ile nilijitwisha juu ya kata, kitenge nilichokikunja kichwani. Nilipoitua nyuma ya ukuta, kitenge, kirefu kama cha Kisa, kilibaki mkononi mwangu, na nilikimbia nacho hadi shambani nikijifutia jasho.